Kobe mmoja na paka wawili: nilivyowapatia makazi Tanga

Kaka yangu alipohamishiwa Songea kikazi aliniachia ufunguo wa nyumba ya Mikanjuni, paka wawili na kobe. Mimi nimepanga chumba kimoja Chumbageni, na mwenye nyumba hataki hata kuku. Nikaanza kuhangaika.

Wa kwanza kunipigia alikuwa mtu aliyesikia habari za kobe. Paka hakuwataja kabisa. Alitaka picha ya gamba, akataka vipimo, papo hapo akataja laki na nusu. Anakula nini, ana afya gani, hakuuliza. Roho yangu ilikataa, nikamwambia nimeghairi.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa daktari wa mifugo mwenye duka la dawa Ngamiani, ambaye pia huwatafutia nyumba wanyama walioachwa. Nilimpeleka kobe kwa bajaji, kwenye beseni. Daktari akamnyanyua taratibu, akabonyeza ukingo wa gamba kwa kidole gumba. Likabonyea.

"Dada, mnamlisha nini huyu?"

Ugali, mkate, wali uliobaki. Na muda mwingi alifungiwa stoo. Machozi yalinilengalenga. Akanieleza bila kunisuta: kobe wa aina hii ni mla majani. Anataka nyasi, magugu na jua lenyewe, maana bila jua mwili wake hautengenezi vitamini D, na bila vitamini D kalsiamu haifiki kwenye mifupa wala gamba. Akanionya pia ninawe kwa sabuni kila nikimshika, kwa sababu kobe hubeba bakteria wa salmonela hata akiwa haumwi.

Ila kumtafutia mtu wa kumchukua alikataa katakata. "Huyu si mbuzi, ni mnyamapori." Ipo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumfuga mnyama kama huyu bila kibali ni kosa. Nilijua nitalala ndani! Tukaongozana hadi kwa afisa wanyamapori, nikaandika maelezo, wakampokea bila kunifokea. Nami nilikuwa nimepanga kwenda kumwachia tu vichakani kule Amboni. Kumbe kobe aliyekaa na watu anaweza kuwapelekea wenzake wa porini magonjwa.

Paka walichukua wiki tatu. Daktari aliwakataa watu wawili, mmoja wao kwa sababu alimtaka dume peke yake, na hawa wamezaliwa pamoja, hulala wamekumbatiana. Hilo lilinigusa sana; daktari mwingine angemkabidhi paka yeyote aliyetokea. Mwisho akapatikana mama mmoja wa Raskazone, mwalimu mstaafu aliyechoshwa na panya. Daktari alikwenda kwanza kuiona nyumba, kisha akawachanja wote wawili chanjo ya kichaa cha mbwa, na jike akamfunga kizazi. Nililipia dawa na upasuaji. Kazi ya kutafuta nyumba hakunitoza hata shilingi.

Kasoro yake ni simu, hapokei kirahisi. Wiki ya pili niliamini kabisa kwamba amenisahau. Ukimhitaji nenda mwenyewe dukani, na uende asubuhi mapema kabla hajatoka kwenda kutibu ng'ombe wa watu. Ijumaa hufunga mchana.

Juzi yule mama amenitumia picha. Wamelala juu ya cherehani yake, mkia wa mmoja uko shingoni kwa mwenzake, na kitambaa alichokuwa akishona kiko chini yao.