Macbeth ya Denzel Washington: tazameni kile kitasa cha mlango

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo salamu ni fupi, maana hii filamu imenikaa rohoni. The Tragedy of Macbeth, ya mwaka 2021, mwongozaji Joel Coen, na Macbeth mwenyewe ni Denzel Washington. Kisa cha tamthilia ya Shakespeare mnakijua: jemadari wa Uskoti anaambiwa na wachawi kwamba atakuwa mfalme, mkewe anamchochea, anamuua Mfalme Duncan aliyelala kwake kama mgeni, na kuanzia hapo damu inadai damu. Sikirudii. Mimi nina mlango wa kuwaonyesha.

Ngojeni nizime taa ya juu. Haya. Mnauona ule mlango wa studio kule nyuma? Nimeweka tochi pembeni, chini kidogo, mwanga upige kitasa tu. Tazameni mkono wa kitasa. Kamera ikiwa mbali hivi, giza pande zote, mnaona nini? Chuma chembamba kinachong'aa, kimesimama hewani peke yake. Sasa nasogea taratibu. Bado ni jambia. Bado. Hapa... hapa ndipo kinapogeuka kitasa.

Hivyo ndivyo alivyofanya Coen! Mnakumbuka usiku ule, kabla ya kuua, Macbeth anaona jambia hewani. Waongozaji wengi pale wanahangaika. Roman Polanski, kwenye Macbeth yake ya 1971, aliliweka jambia lenyewe likielea, na mimi pale hunitoka hofu yote, nabaki kutazama ujanja wa kamera. Coen amempa Denzel ukumbi mrefu wa matao, mwanga na kivuli vinapokezana sakafuni, na kule mwisho kuna kitu kinang'aa. Denzel anatembea. Sauti yake iko chini kabisa, kama mtu anayepiga hesabu kichwani. Hatua, hatua, hatua. Anafika, ananyoosha mkono, na lile jambia ni kitasa cha chumba alicholala mfalme.

Sasa rudini kwenye maneno ya Shakespeare. Macbeth anasema mpini umeelekea mkononi mwake. Mpini! Mistari michache mbele analiambia jambia kwamba linamwongoza njia ile ile aliyokuwa akiiendea. Alikuwa akiiendea tayari, jamani. Pale ukumbini hakuna mchawi, na mkewe hayupo. Hakuna anayemsukuma. Kila hatua ilikuwa nafasi ya kugeuka akarudi kulala, na ukumbi ule ni mrefu makusudi ili tuzione nafasi zote akizipita. Ndiyo maana nakasirika nikisikia mtu anasema Macbeth aliponzwa na wachawi, au aliponzwa na mke. Wachawi hawakumwambia aue. Walimwambia utakuwa mfalme, basi. Habari ya kuua aliitoa mwenyewe, na Shakespeare ameliandika hilo mapema kabisa, mara tu baada ya wachawi kutoweka: wazo lile linamsisimua mpaka nywele zinamsimama.

Nirudishe taa. Sawa.

Jambo la pili, umri. Denzel na Frances McDormand, anayecheza Bi Macbeth, wote walikuwa wamevuka miaka 60. Wengine humweka Macbeth kijana, damu inachemka. Michael Fassbender kwenye ile ya 2015 ya Justin Kurzel alikuwa hata hajafika 40. Hapa tuna watu wawili wazima, ndoa ya miaka mingi, hawana mtoto, na mlango huu ukifungwa hautafunguka mwingine. Uchu wao una haraka ya saa za jioni. Halafu Macbeth akishavaa taji anagundua kwamba hana wa kumrithisha, na wachawi walishasema uzao wa Banquo, rafiki yake wa vitani, ndio utakaotawala. Ameipoteza amani yake ili watoto wa mwenzake waje kuwa wafalme. Ndipo anapotuma watu wamuue Banquo pamoja na kijana wake Fleance. Fleance anatoroka.

Na usingizi! Tangu usiku wa mauaji Macbeth halali. Anasikia sauti ikisema ameuua usingizi. Macho ya Denzel yanavyozidi kuwa mekundu na mazito, hata kwenye picha isiyo na rangi unayaona. Ndiyo, filamu yote ni nyeusi na nyeupe, na picha ni karibu mraba, imebanwa kulia na kushoto. Msidhani simu zenu zimeharibika. Yote imepigwa ndani ya studio, hakuna mlima wa kweli hata mmoja, na ukuta ulio mtupu vile haumpi Macbeth pa kujificha.

Kathryn Hunter anacheza wachawi wote watatu peke yake. Siwaambii zaidi, mtazame mwili wake unavyojikunja.

Kuna Ross. Huyu kwenye maandishi ni mtu wa kuleta habari tu, anaingia na kutoka. Coen amemkuza, akampa kanzu ndefu na sura isiyosomeka, na mara ya kwanza nilimwona ni nyongeza inayonipotezea muda. Lakini kadiri ninavyoitazama naanza kumwogopa kuliko Macbeth. Macbeth anateseka na alichokifanya, huyu hateseki. Yumo kwenye kila njama, anainama kwa kila mfalme, na filamu ikiisha yeye yupo hai. Hata hivyo pale Ross anaposimama ngazini na Bi Macbeth, kana kwamba ndiye atakayemsukuma, naona Coen amezidisha. Bi Macbeth anastahili kuanguka kwa uzito wa dhamira yake, bila mkono wa mtu.

Mtaniuliza kama inaishinda ile ya Akira Kurosawa ya 1957, ya Kijapani, Toshiro Mifune akimiminiwa mishale na askari wake mwenyewe. Mishale mingine pale ilikuwa ya kweli, imerushwa na wapiga upinde hasa. Hapana, haiishindi kwa mwisho wake. Kwa ule ukumbi na kitasa, inaishinda. Kurosawa tutamchambua video ijayo, kwa hiyo jiungeni na chaneli na mgonge kengele.

Bei sasa. Iko Apple TV (zamani ikiitwa Apple TV+), huduma ya kutazama filamu mtandaoni iliyoanza 2019 kwa dola 4.99 kwa mwezi kule Marekani, na kufikia 2025 ikawa 12.99. Kwa filamu moja ya dakika 105, ni pesa nyingi. Kama mnalipia, kusanyeni na vingine vya kutazama mwezi huohuo. Na msiitazame juani kwenye simu, giza lake litawapotea lote.

Kiingereza chake ni kile cha mwaka 1606 hivi, kigumu. Tafuteni kwanza Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka 1968, wakati uleule Mwalimu Nyerere naye alikuwa akitafsiri Shakespeare. Ipo kwenye baadhi ya maktaba. Isomeni, ndipo mkae mbele ya Denzel. Mtamsikia vingine kabisa.

Na Macbeth wa kweli, kwa wanaouliza: alitawala Uskoti miaka 17, kuanzia 1040 hadi 1057, na Duncan alikufa vitani. Hakuchomwa kisu kitandani. Shakespeare alikuwa akiandika chini ya Mfalme James, aliyejihesabu kuwa wa uzao wa Banquo. Kwa hiyo utabiri wa wachawi ulikuwa unamsifu mfalme aliye hai.

Naipa tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa ile ngazi. Sasa niandikieni kwenye maoni: mwishoni Ross anamchukua Fleance kwenye farasi na kuondoka naye. Mnadhani anampeleka wapi, na anamtakia nini?