Equinox 600 kwenye mashamba ya Suffolk: uzoefu wangu

Kila nikiweka picha ya sarafu kwenye status, maswali ni yale yale: kaka, mashine gani hiyo, na huku nyumbani itafaa? Nimeona nijibu mara moja, kwa urefu.

Natumia Equinox 600 ya kampuni ya Minelab, detekta, yaani kifaa cha kutafutia metali zilizofukiwa ardhini, iliyotoka mwaka 2018 pamoja na mwenzake 800. Siku hizi nafasi yao imechukuliwa na 700 na 900, kwa hiyo za zamani unazipata kwa watu, zimeshatumika, na ndivyo nilivyoipata yangu. Naishi mashariki mwa Uingereza. Napita kwenye mashamba ya ngano na shayiri ya Suffolk, hasa Agosti na Septemba, mavuno yakishatoka na kabla mbegu mpya hazijaingia ardhini.

Kabla ya hii nilikuwa na mashine ya bei rahisi, ya masafa (frikwensi) ya aina moja tu, iliyolilia kila kitu. Equinox hutuma masafa kadhaa kwa mpigo, kisha kwenye kioo inakuonyesha namba ya kukisia aina ya metali, kuanzia hasi 9 hadi 40. Chuma huangukia chini ya sifuri, foili hukaa namba za chini, shaba na fedha nene hupanda juu. Ina uzito wa kilo 1.34, na chaji moja inanitosha kutwa nzima. Ukiiwasha, bonyeza kwanza kitufe cha kupunguza kelele, uchague hali ya Field, yaani ya mashambani, basi unaanza kutembea. Koili, ile sahani ya chini inayopita juu ya ardhi, ipite karibu kabisa na mabua, bila kuinuka mwishoni mwa mpigo kama wengi wanavyofanya.

Ila usinunue ukidhani namba zitakufanyia kazi yote. Kile kishikizo cha kufungulia kopo la soda hutoa namba zile zile za sarafu ndogo ya fedha, na hilo halitibiki kwa mashine ya bei yoyote. Kuna pia mashamba yaliyowahi kumwagiwa mboji ya taka za mijini, ndani yake makopo ya alumini yaliyosagwa. Shamba la namna hiyo linalia kila hatua. Mimi huliacha nikaenda lingine.

Kinachosaidia ni sikio. Sarafu hutoa mlio mfupi, unaoanza na kuisha safi, na ukizunguka upande wa pili ukapitisha tena koili, mlio haubadiliki. Kipande cha kopo hukwaruza na namba zake huruka. Msumari uliopinda ndio mjanja: unaweza kulia vizuri kama fedha. Hapo nabonyeza kitufe chenye alama ya kiatu cha farasi, kinachofungulia milio ya metali zote, na sauti nzito ya chuma inajitokeza pembeni.

Kwa njia hiyo nilipata peni, sarafu ndogo ya fedha, ya mfalme Edward I wa Uingereza. Mlio ulikuwa dhaifu, namba zikicheza kati ya 13 na 15, lakini kila upande nilioujia ulikuwa ule ule. Nikakata bonge la udongo kwa sepetu, nikalipasua kwa vidole taratibu, nikaona ukingo wa kijivu, mwembamba kama gamba la samaki. Usiisugue sarafu kwa kidole hata ukitamani vipi, mchanga unaikwaruza. Nyumbani niliiosha kwa maji matupu. Upande mmoja uso wa mfalme na taji lake, wa pili msalaba mrefu unaofika hadi ukingoni, vitone vitatu katika kila robo, na maneno CIVITAS LONDON. Peni za mtindo huo zilianza kufuliwa mwaka 1279. Kwa mtu wa pwani inagusa sana, maana karne hizo hizo masultani wa Kilwa nao walikuwa wakifua sarafu zao za shaba.

Huduma ninayoisifu kuliko hata mashine ni Portable Antiquities Scheme, mpango wa huku wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa na watu wa kawaida. Ni bure. Afisa wao aliipima peni, akaipiga picha, akaniuliza mahali hasa ilipotoka, kisha akanirudishia. Sasa imo kwenye kumbukumbu zao zenye vitu zaidi ya 1,000,000, yeyote anaweza kuisoma. Bila mahali pake, sarafu hiyo ingebaki kuwa kipande cha fedha tu. Sheria ya hazina ya huku, ya 1996, inataka vitu vinavyohesabika kuwa hazina viripotiwe ndani ya siku 14. Na kabla ya yote, pata ruhusa ya mwenye shamba, kwa maandishi. Maeneo ya kale yaliyolindwa kisheria usiyaguse hata mkulima akikuruhusu.

Mfano wangu mimi ni Eric Lawes. Mwaka 1992, hapa hapa Suffolk, kijiji cha Hoxne, alikwenda kutafuta nyundo ya rafiki yake mkulima akakuta dhahabu na fedha za Kirumi. Akaacha kuchimba, akatoa taarifa, wataalamu wakaja kuzitoa wenyewe. Zilikuwa zaidi ya sarafu 14,000, na leo ziko British Museum. Nyundo nayo ilipatikana.

Sasa la nyumbani. Wanaoniuliza kuhusu magofu ya Kilwa, au mali za Wajerumani zinazosemwa zimefukiwa, jibu langu ni hapana. Tanzania Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuchimba mahali pa kale bila leseni ni kosa. Tena ni hasara yetu sote. Hazina ya Mtambwe Mkuu kule Pemba, visarafu vya fedha zaidi ya 2,000, ilipatikana mwaka 1984 ikasomwa na wanaakiolojia, ndiyo maana tunayajua majina ya watawala yaliyoandikwa humo. Angeifukua mtu usiku, ingeyeyushwa.

Na ndugu zangu wa Geita na Chunya: 600 haina hali ya dhahabu, na masafa ya juu kabisa unayoweza kuyachagua ni kilohezi 15. Iliyo na hali hiyo ni 800, inayofika kilohezi 40, nayo inafaa kwa vipande vidogo vilivyo juu juu. Kwenye udongo mwekundu wenye chuma kingi, na kwa kina kirefu, tafuteni mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya dhahabu, ingawa bei yake ni nyingine kabisa.