Umealikwa teligeti Arrowhead? Nunua hivi, na hivi viache dukani

Mara yangu ya kwanza kualikwa teligeti nilibeba pilau. Treya mbili za foili, na kachumbari pembeni. Ilikuwa Desemba, Kansas City, kwenye maegesho ya uwanja wa Arrowhead. Tulipofunua, mafuta ya nyama yalikuwa yameganda meupe juu ya mchele kama nta ya mshumaa. Upepo ukachukua sahani za karatasi kabla sijapakua hata moja. Wenzangu ni waungwana, kila mmoja akachota kijiko, akasifia, kisha akarudi kwenye kuku. Nilirudi nyumbani na treya moja na nusu.

Kwa ambaye hajawahi kufika: teligeti ni ile karamu ya kwenye maegesho kabla ya mechi ya futiboli ya Kimarekani. Jina limetokana na kile kibao cha nyuma cha pikapu, kinachoshushwa kikawa meza. Arrowhead, nyumbani kwa timu ya Chiefs tangu 1972, umezungukwa na maegesho mapana, na mashabiki hufika saa kadhaa mapema, wanawasha moto, wanacheza muziki, wanakula. Mwenyeji wako atakuwa na jiko, makaa na meza. Atakwambia "lete chochote". Usimwamini.

Mimi sasa nikiwa dukani najiuliza mambo matatu tu. Kinalika kwa mkono mmoja, umesimama, glavu mkono mwingine? Kikipoa bado kina ladha? Na je, kitaomba nafasi kwenye jiko la mwenyeji? Hilo la tatu ndilo wageni husahau. Jiko ni lake, na amelipangia foleni tangu jana usiku.

Namba moja: sambusa

Najua mtasema napendelea kwetu. Lakini ipime kwa hayo maswali matatu, inapita yote. Haihitaji sahani wala uma, ikiwa vuguvugu bado ni tamu, na jiko la mtu huligusi. Wamarekani wengi wanaijua kwa jina la samosa, kwa hiyo huna haja ya kutoa mhadhara.

Kansas City kuna maduka ya halali ya Wasomali, na humo utapata zilizogandishwa. Angalia mambo mawili. Kwanza, manda: ikiwa imepasuka pembeni au ina ukungu mweupe wa barafu, huenda pakiti hiyo iliyeyuka ikagandishwa tena, iache. Pili, soma kama imeshaiva au ni mbichi ndani, maana namna ya kukaanga inabadilika. Zikaange nyumbani asubuhi hiyohiyo, mafuta ya moto wa wastani, moja kwa moja kutoka friza. Zikitoka, usizifunike kwa foili zikiwa bado zinatoa mvuke. Zitalowa, na sambusa iliyolowa ni msiba. Ziache zipumue, kisha zipange kwenye boksi la kadibodi lenye karatasi chini. Pilipili ya kusaga iweke kwenye chupa ya kubinya, si bakuli.

Hesabu 3 kwa kila mtu, halafu ongeza 10.

Namba mbili: vipapatio vya kuku

Hapa Marekani mechi bila vipapatio ni kama Idi bila biriani. Hivi vya kuchovywa kwenye mchuzi wa pilipili na siagi vinatoka Buffalo, New York, kwenye baa ya Anchor Bar, mwaka 1964. Mkono mmoja vinalika, ila vidole vitachafuka, kwa hiyo nunua na vitambaa vya majimaji.

Una njia mbili: vya mgahawani vilivyoiva, au vibichi uvioke mwenyewe. Mimi nanunua vibichi vilivyokwishakatwa, ni nafuu zaidi, na kilo moja inakupa takribani vipande 20. Oka hadi joto la ndani lifike nyuzi 74 za Selsiasi. Mchuzi usipake nyumbani, upeleke kando, uchanganye palepale, la sivyo ngozi italegea njiani.

Kama muda hakuna, kuku mzima wa kuokwa wa duka la Costco, ambaye kwa miaka mingi ameuzwa dola 4.99, atakuokoa. Mchambue nyumbani, weka nyama kwenye vimikate vidogo. Usimpeleke mzima, nani atamkata kwenye baridi ile?

Namba tatu: soseji za kuchoma

Hizi, bratwurst kwa jina lake, ni desturi ya jimbo la Wisconsin hasa, kwa mashabiki wa timu ya Green Bay, lakini zimeenea kila uwanja. Nimezishusha hadi ya tatu kwa sababu zinahitaji jiko. Muulize mwenyeji kwanza.

Waislamu wenzangu, hapa simameni kidogo. Bratwurst ya kawaida ni nyama ya nguruwe. Zipo za ng'ombe, lakini soma lebo yote, maana wakati mwingine nyama ni ya ng'ombe na ganda la nje ni la nguruwe. Tena kuna desturi ya kuzichemsha kwanza kwenye bia na vitunguu, kwa hiyo hata ukiona soseji ya ng'ombe kwenye treya ya mtu, uliza imepitia wapi. Mimi nabeba zangu za halali na wavu wangu mdogo wa kuweka juu ya makaa. Hakuna aliyewahi kununa.

Na jiandae kwa hesabu ya ajabu: bratwurst mara nyingi huja 5 kwenye pakiti, mikate yake 8. Ukitaka visawazike kabisa ununue pakiti 8 za soseji na 5 za mikate, soseji 40.

Namba nne: nyama ya moshi

Huu ndio mji wake. Henry Perry alianza kuuza nyama ya moshi hapa mwaka 1908, na tangu hapo kila mtaa una mabingwa wake. Vile vipande vyeusi vya kidari cha ng'ombe, burnt ends, vyenye mafuta ndani na ukoko nje, kwangu havina mpinzani kwa ladha. Mgahawa wa Arthur Bryant's ni moja ya majina yaliyovipa umaarufu.

Sasa mbona ya nne? Kwanza bei. Pili, mwenyeji wako huenda amekesha na kidari chake kwenye jiko la moshi kwa muda wa saa 12. Kumpelekea burnt ends za mgahawani ni kupeleka karafuu Pemba, tena umwambie zako ni bora. Nunua tu ukishahakikisha yeye anachoma kuku.

Namba tano: chipsi za mahindi na rojo ya jibini

Salama, rahisi, na kila mtu ameleta. Ukichelewa kutoka kazini, chukua, usione aibu.

Viache dukani

Saladi ya viazi yenye mayonezi, hasa Septemba, joto la Kansas City halina masihara. Keki ya krimu. Supu, isipokuwa una chupa kubwa ya chai. Na pilau, nimeshakiri.

Kubeba

Deli la kuwekea barafu linatunza joto pia. Limwagie maji ya moto, funga dakika chache, mwaga, kausha. Zungushia treya taulo, jaza pengo lote. Chakula cha moto kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 4. Kikitoka nje ya hapo, una saa 2 kukila, au saa 1 tu siku ya joto la zaidi ya nyuzi 32.

Baridi nayo ina vituko vyake. Tarehe 13 Januari 2024, Chiefs walipocheza na Miami Dolphins, mechi ilianza kipimajoto kikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku kama hiyo hata maji ya kunywa hugeuka jiwe, kwa hiyo nayo yaweke ndani ya deli, bila barafu, ili yasigande.

Mechi yenyewe huchukua saa 3 na zaidi. Kabla ya kuingia uwanjani, kilichobaki gawia gari la jirani. Ukikifungia kwenye buti hadi mpira uishe, siku ya joto utakuja kukitupa.