Uzoefu wangu: formalini ya agrovet kwa klauni anayetoa ute

Formalini, yaani formaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, ninayoizungumzia ni ile ya asilimia 37, wanayotumia wafugaji wa kuku kufukiza banda. Naitumia kwa ugonjwa mmoja tu wa samaki klauni, bruklinela, unaoletwa na kimelea cha ngozi na matamvua, na kwa ugonjwa huo naipa nyota nne kati ya tano. Magonjwa mengine ya klauni nisingeanza kuyatibu kwa chupa hii.

Kwa hiyo mwangalie samaki kwanza. Bruklinela huanza na pumzi za haraka na samaki kugoma kula. Kisha rangi inafifia, na ute mzito mweupe unaanzia kichwani na kushuka ubavuni, hadi ngozi inaning'inia kama karatasi iliyoloa. Kuanzia hapo unahesabu saa. Siku moja au mbili zinatosha kummaliza. Ukiona punje nyeupe zinazohesabika, kama chumvi, hiyo ni kriptokarioni, ugonjwa wa kimelea kingine. Vumbi laini kama unga, linaloonekana vizuri ukizima taa na kummulika kwa tochi ya pembeni, ni amiloodinio, nao ni wa kimelea tofauti. Na kama tangi lina wiki mbili, samaki wote wanahema juu ya maji na hakuna ute, pima amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kabla ya kununua dawa yoyote. Tangi ambalo bakteria wake wa kuondoa amonia hawajakomaa huua bila kimelea hata kimoja.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni watu kukimbilia dawa ya shaba. Shaba hutibu kriptokarioni na amiloodinio, lakini bruklinela haiitikisi. Unamwaga, unasubiri, na siku mbili za thamani zinapita bure.

Sasa chupa. Soma asilimia kwenye lebo. Formalini ya maabara ya kuhifadhia vielelezo huandikwa asilimia 10, maana yake ni ile ya 37 iliyokwisha kuchanganywa na maji, mara nyingi na chumvi za fosfeti ndani yake. Vipimo vya hapa chini havihusiani nayo kabisa. Itazame chupa kwenye mwanga pia: ukiona masimbi meupe chini, usiitumie. Hiyo ni paraformaldehaidi, ni sumu kali zaidi kwa samaki, na husababishwa na baridi. Anayeiweka kwenye friji akidhani anaitunza ndiye anayeiharibu (achilia mbali kuiweka karibu na chakula).

Kwa maji ya nyuzi 26 hivi natumia mililita 3 kwa lita 20 za maji ya bahari, yaani sehemu 150 kwa milioni. Wengine hufika mililita 5, lakini maji ya joto huongeza ukali wa formalini, nami sioni haja ya kufika huko kwa samaki ambaye ngozi imeshachubuka. Ndoo iwe safi, maji yawe na chumvi na joto sawasawa na tangi atakalohamia. Pima dawa kwa sirinji, si kwa kifuniko. Weka jiwe la hewa linalotoa viputo kwa nguvu kwelikweli, uache maji yazunguke dakika 15 kabla ya samaki kuingia.

Mchote kwa bakuli. Wavu utamvua ngozi iliyobaki. Muda ni dakika 45, saa moja ikizidi sana, na muda wote huo usiondoke pale. Kuhema kwa haraka mwanzoni ni kawaida. Akilala ubavu au akirukaruka, mtoe hata kama ni dakika ya 10. Akitoka asirudi alikotoka, apelekwe kwenye tangi jingine safi lenye hita, kichujio cha sponji na kipande cha bomba la kujifichia. Rudia baada ya saa 48, mara tatu kwa jumla, na kila mara ahamie kwenye maji mapya. Ukiruka hatua hii ya kuhama, atavamiwa upya na vimelea vilivyobaki majini.

Kuna wanaopenda kuacha dozi ndogo ndani ya tangi la wagonjwa usiku kucha. Hesabu yake ni hii: kila miligramu 5 za formalini kwa lita hula takriban miligramu 1 ya oksijeni kadiri saa zinavyopita. Ukiweka 25, zinaondoka 5, na maji ya bahari ya nyuzi 27 hubeba kama 6.5 tu. Umeme ukikatika pampu ikazima, asubuhi utakuta samaki amelala chini.

Usiimwage kamwe katika tangi kubwa. Kamba, matumbawe, anemoni na bakteria wanaosafisha maji walio kwenye mawe ya tangi watakwenda pamoja na ugonjwa. Tangi hilo liache bila samaki wiki 6. Kimelea hiki huishi kwa samaki na kugawanyika juu yake, kwa hiyo bila mwenyeji hakidumu.

Upande wa mtumiaji: formaldehaidi husababisha saratani, na harufu yake ikikufikia ujue tayari unaivuta. Fanyia kazi nje au kwenye ukumbi ulio wazi, vaa glavu na miwani. Duka lile lile litakuuzia pamanganeti ya potasiamu, maana ndivyo banda la kuku linavyofukizwa: viwili hivyo vikikutana vinachemka ghafla na kutoa moshi wa sumu. Nunua kimoja, kibebe peke yake.

Nyota niliyoizuia ni ya lebo. Chupa zinazojazwa upya dukani mara nyingi hazina asilimia wala tarehe, na kwa dawa ambayo mililita 3 zinatibu na 8 zinaweza kuua, chupa ya namna hiyo naiacha kaunta.