Kiatu cha Kukodi Kilichonipandisha Kahuzi: Uzoefu Wangu

Soli ya kiatu cha kulia ilibanduka tukiwa bado katika ukanda wa mianzi, na tangu hapo siwezi kuikumbuka safari ile bila kukikumbuka kiatu hicho kwanza. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumelipia gari, mwongozaji na viatu vya kupandia mlima kwa wakala mmoja wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ili tupande Mlima Kahuzi wikendi moja ya zile ambazo kiangazi kimekwisha na mvua zimeanza kurudi jioni jioni. Kijana wa kaunta aliapa kwamba viatu vilikuwa imara, akavigongagonga kama mtu anayechagua tikiti maji, nami nikaweka dhamana ya dola 20 bila hata kuikunja soli. Hilo ni kosa langu, nalikubali.

Barabara ya kupitia mji mdogo wa Miti hadi Tshivanga, makao makuu ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, sina haja ya kuieleza, kwa kuwa sote tunalijua vumbi lake. Kahuzi una mita 3,308, na anayeupanda baada ya mvua hupambana zaidi na matope kuliko mwinuko wenyewe, kwani kila hatua mguu huzama na kuvutwa chini kabla ya kuachiliwa. Hapo ndipo mdogo wangu aliponiambia, "Yaya, kiatu chako kinacheka." Kilikuwa kimeachama kuanzia vidoleni hadi katikati ya unyayo, na ndani yake niliona gundi ya manjano iliyokauka, tabaka juu ya tabaka.

Mwongozaji, ambaye mwenyewe alivaa mabuti ya mpira kama yale yanayouzwa soko la Kadutu (nami nisishtuke!), alitoa mfukoni utepe wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha mara nne juu ya kiatu na kuufunga kwa fundo dogo sana. Kwa utepe huo nilifika kileleni, ukungu ukapasuka kwa dakika chache, Ziwa Kivu likaonekana kule chini likiwa na rangi ya bati jipya. Wakati huo nilikuwa tayari kuwasamehe wote na kuwasifu kwa kila jirani.

Msamaha huo ulikomea kwenye kaunta. Kijana yule yule, bila salamu wala pole, alikigeuza kiatu na kusema, "Mama, umekiharibu, dhamana hairudi." Nilipomwonyesha gundi ya zamani, alinijibu kwamba wateja wengine wana mguu mzito. Mdogo wangu alicheka. Mimi sikucheka, na hadi leo sijacheka.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba huduma yao ni nzuri isipokuwa viatu. Sasa naona kwamba anayempeleka mtu mlimani kwa viatu vya gundi hastahili neno "isipokuwa". Msiwape pesa yenu. Yule mwongozaji, hata hivyo, mkimpata nje ya wakala huyo, mchukueni, kwa kuwa ni mtu mpole na mikono yake ina akili. Ingawa, nikifikiri vizuri, mtu hatembei na utepe wa tyubu mfukoni bila sababu: alijua. Mdogo wangu anasema ninamwonea, na huenda ni kweli. Jumatatu nitarudi pale kaunta kudai dola zangu 20, na picha za gundi ninazo kwenye simu.