Huduma ya Vifurushi Mjini Kigoma: Mzigo Unafika, Anayeuleta Hana Mkataba

Kampuni ninayoitathmini hapa sitaitaja jina, kwa kuwa sehemu ya ninayoyaeleza ni malalamiko. Inapokea mizigo Dar es Salaam, inaisafirisha kwa magari yake kupitia Dodoma na Tabora hadi Kigoma, kisha inaisambaza Mwanga, Gungu, Katubuka, Kibirizi na Ujiji kwa pikipiki na kwa kirikuu mbili. Nimeitumia kwa muda mrefu kuleta bidhaa za duka langu la vifaa vya ushonaji kutoka Kariakoo, yaani nyuzi, zipu, bitana na vipuri vya cherehani, na mara chache kuwapelekea ndugu dagaa na mawese. Wafanyabiashara wenzangu wakiniuliza kama inafaa, ninawaambia kwamba ubora wake unaishia pale unapoishia mshahara: palipo na mwajiriwa kazi inakwenda vizuri, na palipo na kijana anayelipwa kwa kifurushi mambo yanalegalega.

Kaunta haina tatizo. Mhudumu anapima mzigo mbele yako, anaandika kwenye stakabadhi thamani uliyoitaja, anakupa risiti ya EFD bila kuombwa, na ujumbe unaingia kwenye simu mzigo unapoondoka na unapofika. Gari la safari ndefu lina madereva wawili wanaopokezana, wote wana mikataba na wanachangiwa NSSF, na maboksi yangu yamekuwa yakifika makavu hata wakati wa masika. Galoni ya mawese isiyofungwa vizuri wanaikataa papo hapo, na wanafanya sawa, kwa sababu galoni moja ikivuja inaharibu vitambaa vya watu wasiojuana.

Kasoro zinaanza mzigo unapotoka ofisini kuelekea kwa mteja. Kijana anayeniletea vifurushi analipwa shilingi 1,500 kwa kila kifurushi kilichosainiwa, kiwe cha jirani na ofisi au cha mwisho wa Ujiji. Mafuta ni yake, pancha ni yake, na vocha ya kumpigia mteja asiyepokea simu ni yake pia. Mteja asipopatikana, safari nzima haina malipo. Pikipiki nayo si mali yake, hivyo kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, awe amegawa vifurushi vingi au hakugawa hata kimoja. Ana daftari dogo analolihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, na humo anaandika namba ya mzigo, mtaa na kiasi anachodai, kwa sababu ofisi hulipa kwa wiki na mara nyingi hesabu za pande mbili hazilingani. Mvua ikinyesha, koti la mvua analivika boksi lililofungwa kwa mpira kwenye keria, naye analowana, maana boksi likiloa atakatwa yeye.

Kwa malipo ya namna hiyo, hakuna mwenye akili timamu atakayewasha pikipiki kupeleka kifurushi kimoja Ujiji. Aliwahi kuniambia bila kuficha, “Mama, hiki cha mteja wako wa Ujiji kimelala ofisini tangu Jumamosi. Kikipata wenzake nitakipeleka.” Siwezi kumlaumu. Wateja wengi wanaolalamika kwamba huduma ya nyumbani inachelewa wanadhani vijana ni wavivu, ilhali ucheleweshaji umo ndani ya kiwango cha malipo chenyewe. Akiugua, anamwachia kazi deiwaka, yaani mbadala wa siku, ambaye huvaa reflekta ileile yenye nembo ya kampuni lakini hawajui wateja. Ndivyo bunda langu la zipu lilivyoachwa duka la tatu kutoka langu na kusainiwa na mtu ambaye mpaka leo hajulikani. Ofisi ilinijibu kwamba hayo niyamalize na kijana, ikamkata thamani yote ya mzigo kwenye malipo yake ya wiki zilizofuata, na mimi nikarudishiwa sehemu tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemkata mfanyakazi kwa sababu ya hasara amjulishe kwanza kwa maandishi sababu na kiasi, ampe nafasi ya kujitetea, na asikate zaidi ya robo ya ujira wake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanyika.

Meneja anajibu kwamba vijana hao si wafanyakazi bali ni watoa huduma, na kwa kweli wamesaini karatasi ya ukurasa mmoja inayosema hivyo. Jibu hili halinitoshi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atadhaniwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo hata jambo moja kati ya kadhaa lipo: namna yake ya kufanya kazi au saa zake ziko chini ya uelekezi wa mwingine, ni sehemu ya taasisi hiyo, amefanya kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu. Kijana wangu anaripoti saa moja asubuhi, anavaa sare, anapangiwa mitaa na haruhusiwi kubeba vifurushi vya kampuni nyingine. Angehesabiwa kuwa mwajiriwa, angekuwa na kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada kwa malipo ya mara moja na nusu, likizo ya siku 28 kwa mwaka, kima cha chini kinachowekwa na serikali kwa sekta yake, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi endapo atavunjika mguu kwenye mteremko wa Mwanga. Mfuko huo unachangiwa na mwajiri peke yake, jambo ambalo nadhani linaeleza mengi kuhusu ule ukurasa mmoja.

Vijana wenyewe hawajakaa kimya. Kijiweni kwao wana mwenyekiti, katibu na mchango wa misiba, lakini kijiwe hakiwezi kukaa mezani na kampuni kujadili viwango. Walipoanza kuulizana kuhusu chama cha wafanyakazi, baadhi walidhani ni lazima waunde chao kipya, na kwa idadi yao wasingeweza, maana usajili unataka waajiriwa wasiopungua 20. Njia nyepesi ni kujiunga na chama kilichopo, kama COTWU (T), kinachohudumia sekta ya mawasiliano na uchukuzi. Chama kikipata wanachama walio wengi katika kundi husika la wafanyakazi kinakuwa na haki ya kutambuliwa kama mjadili pekee, na mwajiri analazimika kujadiliana nacho kwa nia njema. Yote haya, hata hivyo, yanamhusu mwajiriwa, kwa hiyo swali la ule ukurasa mmoja linatangulia mengine yote. Waliokuwa mstari wa mbele katika mazungumzo hayo wakaanza kupangiwa vifurushi vichache. Hawakufukuzwa, kwa kuwa asiyeajiriwa hafukuzwi. Walipungukiwa mizigo hadi wawili wakarudi kubeba abiria.

Madereva wa Tanzania wanaijua hoja hii ya mikataba. Aprili na Mei 2015 mabasi na malori yalisimama nchi nzima, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao makuu. Nchini Marekani tofauti inaonekana ndani ya biashara hii hii ya vifurushi. Madereva wa kampuni ya vifurushi ya UPS ni waajiriwa na wanachama wa chama cha wafanyakazi cha Teamsters. Mwaka 2023, chama hicho kikiwa kinawawakilisha wafanyakazi wapatao 340,000 wa kampuni hiyo, walitishia kugoma, na Agosti wakapitisha kwa asilimia 86.3 ya kura mkataba wa miaka mitano ulioongeza ujira na kulazimisha viyoyozi katika magari mapya ya kusambazia. Mwaka huohuo, madereva 84 waliokuwa wakipeleka vifurushi vya Amazon mjini Palmdale, California, chini ya mkandarasi, walijiunga na Teamsters hiyohiyo, na Amazon ikajibu kwamba hao si waajiriwa wake. Nilipoyasoma majibu hayo nilimkumbuka meneja wetu, ingawa ofisi yake ina kaunta moja na feni mbovu.

Kwa huduma ya kuchukua mzigo ofisini ninaipa kampuni hii nyota nne kati ya tano, na kwa huduma ya kupelekewa mlangoni ninaipa mbili, ambazo zote ni za kijana mwenyewe. Bei ya kupelekewa ni shilingi 4,000 ndani ya mji, kwa hiyo kampuni ina nafasi ya kumwongezea mpelekaji bila kumgusa mteja. Ningependelea viwango viwili, cha Mwanga na cha Ujiji, pamoja na malipo ya nusu mteja asipopatikana. Mpaka hapo, mwenye mzigo wa kuvunjika au wa thamani kubwa aufuate mwenyewe ofisini. Anayekaa Ujiji aulize kaunta kama kuna vifurushi vingine vya upande huo siku hiyo, maana mhudumu huyaona hayo kwenye kompyuta na hujibu vizuri akiulizwa. Ada ya kupelekewa ilipwe kwa lipa namba ya ofisi, na jina la aliyekabidhiwa mzigo liandikwe nyuma ya stakabadhi, ili ukipotea kampuni isipate nafasi ya kusema kwamba hayo ni mambo yako na kijana.