Uzoefu wangu: HID ya wati 35 kwenye Probox yenye taa za H4, hapa Mwanza

HID (balbu ya gesi isiyo na uzi) ya wati 35 ikiwa ndani ya projekta (kijitaa chenye lenzi ya duara kinachokata mwanga kwa mstari) ni taa ninayoiamini kwa safari ya usiku kutoka Mwanza kwenda Magu hadi Bunda. HID hiyohiyo ukiichomeka moja kwa moja kwenye taa ya kawaida ya H4, simshauri mtu aifunge hata akipewa bure.

Sababu iko kwenye balbu yenyewe. Balbu ya H4 ina nyuzi mbili, ya dimu na ya fulu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usipige nusu ya chini ya kioo cha kuakisi. Kioo kile kimechongwa kwa kufuata mahali uzi ulipokaa, kwa milimita. HID haina uzi: umeme unaruka kati ya ncha mbili ndani ya kijichupa chenye gesi ya zenoni na chumvi za metali, na umbo la mwanga wake ni tofauti kabisa. Matokeo yake dimu inapoteza ule mstari unaoukata mwanga kwa juu, na mwanga unamwagika hadi kwenye matawi ya miti. Halojeni ya H4, yaani balbu ya kawaida ya uzi, hutoa kama lumeni 1,000 (kipimo cha wingi wa mwanga) kwenye dimu. HID ya wati 35 inafika 3,200 hivi. Kwa hiyo unachomwaga machoni mwa bodaboda anayekuja mbele yako ni karibu mara tatu ya kile alichozoea. Ulaya sheria inataka taa ya dimu inayozidi lumeni 2,000 iwe na mtambo wa kujishusha yenyewe gari linapobeba mzigo, pamoja na kiosha kioo. Kwa hali hiyo, kuweka mwanga wa namna ile bila kuudhibiti kwenye barabara ya njia mbili yenye baiskeli na ng'ombe ni kumtafutia mwenzako ajali.

Seti niliyofunga ni hii: projekta mbili za bi-zenoni (moja hutoa dimu na fulu) za inchi 2.5, zile zenye shina lenye meno ya skrubu linalopita kwenye tundu la H4 na kukazwa kwa nati kubwa upande wa nyuma. Balbu mbili za HID za 4300K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga). Balasti mbili za wati 35, yaani visanduku vinavyowasha balbu na kuilisha umeme. Na waya zenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Kwenye balasti kuwa makini. Ziko za bei ya chini zinazopeleka umeme wa DC (wa mwelekeo mmoja) kwenye balbu. Hizo zinachezesha mwanga na kuzeesha balbu mapema. Chukua za AC (umeme unaobadili mwelekeo). Za wati 55 ziache, maana joto lake linababua kile kikombe kinachong'aa ndani ya projekta ndogo, na kikishafifia hupati tena mwanga uliolipia.

Ukinunua projekta, uliza zimetengenezwa kwa barabara za upande gani. Sisi tunaendesha kushoto kama Japani na Uingereza, kwa hiyo mstari wa mwanga unatakiwa upande juu kidogo upande wa kushoto, kumulika watembea kwa miguu na vibao. Ukipewa za Marekani au za sehemu kubwa ya Ulaya, mpando huo uko kulia, na unampiga dereva mwenzako usoni hata ukipanga taa vizuri namna gani.

Sasa waya, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Balasti hutulia kwenye ampea 3 hadi 4, lakini sekunde za kwanza inavuta ampea 8 au zaidi. Swichi ya taa na waya wa kiwandani haukupangiwa mzigo wa mbili zikiwaka pamoja, ndiyo maana fyuzi hukatika ovyo. Chukua umeme moja kwa moja betrini kwa waya wa milimita za mraba 4, weka fyuzi ya ampea 30 isiyozidi sentimita 20 kutoka kwenye betri, kisha ipitie kwenye rilei. Soketi ya zamani ya H4 ibaki na kazi moja tu, kuamsha rilei.

Hapo kuna mtego wa Toyota. Kwenye Toyota nyingi zenye H4, waya wa pamoja kwenye soketi ni chanya, na swichi inafanya kazi kwa kukata na kuunga hasi. Waya nyingi za seti zimetengenezwa zikitegemea kinyume chake. Fundi anafunga, taa haziwaki, anaanza kulaumu balasti. Kabla ya kukata chochote, chukua mita ya umeme, washa dimu, pima kila mguu wa soketi dhidi ya bodi, kisha fulu hivyohivyo. Ukikuta mguu mmoja una volti 12 muda wote taa zinapowaka, huo ndio wa pamoja. Koili ya rilei ipe chanya kutoka hapo, na upande wake wa pili uunge kwenye mguu wa dimu. Kumbuka pia kwamba ukibadilisha kwenda fulu, mguu wa dimu unakatika. Bila diodi mbili (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), au rilei ya pili inayoshikilia, HID inazimika kila unapopiga fulu, na kuiwasha na kuizima hovyo ndiko kunakoiua. Dalili nyingine: taa ya buluu ya dashibodi inakataa kuwaka, au inawaka kwa mbali, kwa sababu mkondo wake ulikuwa unapitia kwenye nyuzi za balbu ulizotoa. Hilo si ubovu wa seti.

Ndani ya projekta kuna kipande cha bati kinachosimama mbele ya mwanga na kuukata. Ukipiga fulu, sumaku ndogo inakilaza na unasikia "tak". Waya wake ukikatika, chemchemi inakirudisha kwenye dimu. Napenda sana mpangilio huo, kwa sababu kwenye balbu za HID za H4 zisizo na projekta ni balbu yenyewe inayosogezwa mbele na nyuma, na vumbi likiingia inaganda popote ilipo, hata kwenye fulu.

Kufungua taa: ipashe polepole kwenye joto la nyuzi 100 hivi hadi gundi nyeusi ilainike, kisha tenganisha kwa bisibisi pana bila kulazimisha. Kabla ya kukaza nati ya projekta, rudisha taa kwenye gari, iwashe ukutani uone kama mstari umelala sawasawa. Ukiupuuza na kuifunga taa moja kwa moja, utaifungua tena. Wakati wa kuziba, tumia gundi mpya pande zote ila usizibe vile vijitundu vya kupumulia nyuma ya taa. Mafundi wengi huvijaza silikoni wakidhani wanazuia maji. Mvuke unanaswa ndani na asubuhi taa imejaa ukungu.

Huku ziwani unyevu ni adui wa kweli. Balasti isikae chini ya bampa. Ifunge juu, kwenye bati, viungio vikitazama chini, waya ukishuka kwanza kabla ya kupanda ili tone la maji lianguke pale kwenye mkunjo. Waambie waosha magari wasielekeze bomba la presha kwenye kona za bonneti. Na usiguse waya mnene kati ya balasti na balbu taa zikiwa zinawaka: mshtuko wa kuwashia unafika volti 23,000 hivi.

Jambo lingine la kwetu ni wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama wingu. HID hutupa joto kidogo mbele kuliko halojeni, kwa hiyo kioo kinabaki cha baridi na wadudu hawakauki wakadondoka; wanajipaka. Kila kituo cha mafuta futa kioo kwa kitambaa chenye maji. Kikiwa na utando, mstari wa projekta unapotea na unaanza kuwamulika watu kama yule aliyechomeka HID kwenye H4.

Rangi: 4300K ndiyo yenye mwanga mwingi. Ile ya buluu ya 8000K wanayoipenda vijana ina lumeni chache, na lami ikilowa huoni kitu.

Kupanga taa, tafuta uwanja ulio sawa, jambo gumu kwa vilima vyetu, kwa hiyo uwanja wa kituo cha mafuta unatosha. Upepo wa matairi uwe sahihi, dereva akae kwenye kiti. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, weka alama kwenye kimo cha katikati ya projekta, kisha shusha mstari sentimita 5 chini ya alama. Kwa taa iliyo kimo cha sentimita 70, mwanga utagusa lami mita 70 mbele. Ukishusha sentimita 10 unabaki na mita 35, kidogo mno kwa mwendo wa kilomita 80. Kwa Probox inayobeba magunia ya dagaa, pima ukiwa na mzigo wako wa kawaida, maana nyuma ikikaa chini pua inainuka.

Kama huna fedha ya projekta, acha HID. Sugua vioo vya plastiki vya mbele vilivyofifia kwa msasa wa maji namba 1500 kisha 2000, pakaa vanishi isiyo na rangi ya kuzuia jua, na upe H4 yako ya wati 60/55 umeme wa betri kupitia rilei. Volti ikipungua asilimia 10, mwanga wa halojeni unapungua karibu asilimia 30, na magari mengi ya zamani yanapoteza kiasi hicho kwenye waya na swichi tu.

Kwa aliyeamua HID, akiba ya kutembea nayo ni balbu moja, balasti moja na fyuzi mbili za 30. Balbu ikianza kugeuka rangi ya waridi inakaribia kufa; badilisha zote mbili pamoja, na kioo cha balbu usikishike kwa vidole.